Unga Unaokaa Mahali pa Moto

Majina hayanitoki. Mwanamke aliyenizalisha mtoto wangu wa kwanza kule Fizi aliitwa Mwavita. Dereva wa basi lililotutoa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu siku ya safari aliitwa Deogratias, na utingo wake, ambaye hakutusemesha njia nzima, aliitwa Pili. Shule nilisoma miaka miwili tu, basi vitu vyangu vyote naviweka kichwani, na kichwa changu hakijaingia panya. Lakini mtu ninayemsimulia hapa sitamtaja jina. Nalijua. Hata la marehemu mke wake nalijua. Ila siku aliponionyesha kilichomo ndani ya kasha lake la chuma alisema, "Usimwambie mtu ni nani, wala nyumba ipi. Wezi wana masikio." Nikamwahidi. Kasha lile sasa ni tupu, lakini ahadi haikuwa ya kasha.

Nitamwita Jirani. Ndilo neno la kwanza la Kiswahili nililomfundisha, akalipenda, akaniita nalo na mimi. Watu wangu wananiita Mama Amisi. Yeye peke yake aliniita Jirani, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, mpaka mbwa wa nyumba ya tatu walikuwa wanalijua.

Tulikaa Guildford, huku Australia, mimi na binti yangu Furaha upande mmoja wa uzio wa bati, yeye peke yake upande wa pili. Mzungu mrefu, mwembamba kama fito, kofia haimtoki kichwani. Sikio lake la kushoto lilikufa Smithfield, kwenye kiwanda alikochonga vyuma miaka mingi, kwa hiyo ukitaka kumwambia siri ilibidi uzunguke upande wa kulia. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sikuuliza, wala yeye hakuniuliza mimi. Tulianzia pale tulipokutana.

Alikuwa na msemo mmoja aliouweka kwenye kila kitu: "Kinachotoa moshi hakitaki haraka." Nikichoma samaki kwenye makaa nyuma ya nyumba, atachungulia juu ya uzio: "Jirani, kinachotoa moshi hakitaki haraka." Gari la Furaha lile la zamani likikohoa asubuhi, msemo ndio huo huo. Mimi nilidhani ni busara za mafundi. Kumbe alikuwa na moshi wake mwenyewe, sikuujua bado.

Na alikuwa mwoga wa damu, jamani! Buibui akiingia kwake, anamfunika na kikombe, anapitisha karatasi chini, anampeleka bustanini kama mgonjwa. Mara moja Mama Riziki wa Penrith, yule mwenye uwanja mkubwa, alitupa kuku hai. Sasa kwetu nilikolelewa, mwanamume akiwa karibu, mwanamke hashiki kisu cha kuchinja. Nikamwita Jirani. Akaja na kofia yake, akaona kisu, akamwona kuku, akawa mweupe zaidi ya alivyoumbwa.

"Siwezi, Jirani," akasema. "Ananiangalia."

"Basi mfunike macho!"

"Nitajua anayo."

Akarudi kwake akafunga na madirisha. Kuku nikamchinja mwenyewe, Mungu na mababu wanisamehe. Mchuzi ulipoiva nikampelekea, akala, tena akaomba paja la pili.

Jumapili mchana nyumba yake ilikuwa inatoa harufu ya mayai yaliyooza. Kila Jumapili. Sisi tumetoka kanisani na nguo nzuri, tunateremka kwenye gari, harufu inatupokea. Nikasema huyu mzee hana mtu wa kumwangalia friji. Nikamtuma Furaha na mayai sita mapya amwambie ayatupe yale ya zamani. Jirani akayapokea, akasema asante, hakueleza kitu. Wiki ya pili harufu ile ile. Nikatuma mengine sita. Alikula mayai yangu karibu mwaka mzima bila kunitoa ujinga.

Na kulikuwa na semolina, ule unga wa ngano wa chengachenga. Wengi wetu hapa tunasonga bugali kwa semolina, kwa sababu inapatikana kila duka na inashikana vizuri. Siku moja dukani nikamwona Jirani kwenye foleni, mkononi ana mkate, sabuni na kipakiti kidogo cha semolina. Moyo wangu ukalainika. Nikasema, mjane wa watu, anajisongea kibugali chake cha mtu mmoja, hana hata mboga! Tangu siku hiyo nikawa nampitishia sombe ya majani ya muhogo na ndagala, visamaki vyetu vikavu, juu ya uzio. Anarudisha bakuli limeoshwa, linang'aa. Baadaye nikajua sombe yote ile alikuwa anaipaka kwenye mkate.

Nilipomkaribisha mezani kwangu ndipo nilipomwona anavyokula bugali. Alikata kipande kidogo, akakiviringa kati ya vidole mpaka kikawa duara kamili, ukubwa wa punje ya mbaazi, halafu akakitazama kama dhahabu kabla ya kukila. Nikamcheka.

"Jirani, hilo ni tonge au ni risasi?"

Furaha alipomtafsiria, kijiko kilimwanguka. Nilifikiri nimemkosea adabu.

Ugonjwa ulipoingia, mwaka ule wa kwanza, maduka yalibaki mbao tupu. Unga hakuna, mchele hakuna, hata karatasi za chooni watu waligombania. Mimi sikushtuka. Mtu wa kambi haachi unga uishe ndani, nilikuwa na gunia la kilo kumi chini ya kitanda. Jirani akaja kwenye uzio, barakoa imekaa kidevuni, kikombe mkononi.

"Jirani. Semolina?"

Nikamjazia bakuli zima. Kesho yake nikasema nimpelekee na ndagala za kulia. Nikapita mlango wake wa nyuma, ule wa kioo. Alikuwa mezani, amenipa mgongo, ametandaza gazeti. Mkono mmoja ana kijiko kidogo cha shaba. Anachota unga wangu, anausawazisha kwa ukucha, anautia kwenye vichupa vya plastiki, vidogo kama kidole cha mtoto. Vichupa vimejipanga kama askari. Na pembeni ya bakuli langu, juu ya gazeti, bastola. Ndefu, nzito, ya kizamani, mpini wa mbao.

Nikaweka sahani ya ndagala kwenye ngazi, nikaondoka. 

Jioni alikuja kwenye uzio na sahani imeoshwa. Furaha alikuwa amerudi kutoka kazini, anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, nikamsimamisha katikati atafsiri. Mnafikiri niliuliza habari ya bunduki? Hapana. Bunduki nimeziona. Niliuliza habari ya unga.

"Mwambie kambini tulipanga foleni ya unga kuanzia alfajiri. Mwambie aliyekuwa anatupimia aliitwa Nyota, mke wa Selemani. Unga ukipungua alisema umepungua, hakutikisa kopo ili lionekane limejaa. Watu walimpenda kwa hilo. Mwambie nimelala njaa niko na watoto, halafu yeye anachukua chakula anakitia kwenye bunduki?"

Furaha akatafsiri, akaongeza na ya kwake, nilisikia kwa urefu wake.

Jirani akavua kofia. Akaomba kalamu. Akachora nyuma ya bahasha tundu moja, halafu akaeleza polepole. Bastola zake si za vita. Ni mpya zilizoundwa kwa mfano wa zile za zamani sana, hazili risasi za kisasa. Zina matundu sita, na kila tundu unalipakia mwenyewe kwa mkono: baruti nyeusi, kisha risasi ya duara uliyoisubu mwenyewe, unaishindilia kwa kimchi, unapaka mafuta juu, na mwisho kabisa fataki ya kuwashia baruti, nyuma. Huko kwenye uwanja wao wanalenga karatasi. Hawalengi kingine. Halafu bastola inaoshwa kwa maji moto na sabuni, ndiyo ile harufu ya mayai.

"Mayai yangu!" nikasema.

"Yalikuwa matamu," akasema. Hakucheka.

Akarudi kwenye mchoro. Tundu linaingia baruti nyingi. Ukilijaza baruti tupu, inapiga kwa nguvu, mkono unaruka. Yeye hataki nguvu, anataka kutoboa karatasi mahali anapopataka. Kwa hiyo anatia baruti kidogo chini, na nafasi inayobaki anaijaza semolina, ndipo risasi inakaa vizuri juu.

"Anasema unga unakaa mahali pa moto," Furaha akatafsiri. "Unga ukiwa mwingi, moto unakuwa mdogo. Hivyo ndivyo anasema yeye. Mimi nasema tuhame."

Siku tisa sikumsalimia Jirani. Siku ya tisa nikakuta bakuli langu juu ya nguzo ya uzio, limejaa semolina mpaka mdomoni, limefunikwa na kitambaa kisafi. Alikuwa amemwaga vichupa vyote. Alikuwa yuko bustanini anajifanya anang'oa majani, akang'oa na maua.

Halafu nikamwita, nikamrudishia bakuli.

"Chukua. Lakini unga mwingi, moto kidogo."

"Moto kidogo," akasema kwa Kiswahili. Hayo yakawa maneno yake ya pili na ya tatu.

Mwaka uliofuata ndio ulikuwa mbaya kwetu wa upande wa magharibi wa jiji. Tulifungiwa, hakuna kwenda mbali na nyumbani, usiku hakuna kutoka. Halafu wakaja wanajeshi. Walifuatana na polisi, mlango kwa mlango, kuangalia kama wagonjwa wamekaa ndani na kama watu wanahitaji chakula. Furaha alinieleza kabla. Lakini maelezo ni kitu kimoja, na kuona nguo za majani majani zinaingia kwenye mtaa wako ni kitu kingine. Furaha alikuwa kazini. Nikatoka mlango wa nyuma.

"Jirani! Jirani!"

Alikuja mbio, mzee wa watu, kiatu kimoja. Nikaonyesha barabarani. Neno lililonijia ni moja tu la Kiingereza, la mwanajeshi. Akaenda akachungulia, akarudi akaleta kiti akakaa upande wake wa uzio. Mimi nikageuza ndoo nikakaa upande wangu. Hatukuonana ila kofia.

"Angalia mikono yao, Jirani," akasema polepole, kwa yale maneno madogo aliyojua nayaelewa. "Mikono mitupu. Hawana bunduki." Akasogeza kiti karibu na bati. "Mtaa huu wote mwenye bunduki ni mimi tu, na mimi kuku ananishinda."

Nikacheka. Kicheko kikafika katikati kikageuka. Ndipo nikamwambia. Kiingereza changu kilinitosha, kwa kuwa habari yenyewe ni fupi: mwanangu wa kwanza, Amisi, wanajeshi, mlangoni. Juu ya uzio niliona kofia inashuka, haikurudi kichwani mpaka wale watu walipomaliza mtaa. Waliponigongea, Jirani alisimama kwenye njia yake akawasemesha mpaka nikapata nguvu ya kufungua.

Tangu siku hiyo hakunitajia tena bastola. Ila mimi nilijua kinachomsumbua, kwa sababu uzio wa bati hauzuii habari. Macho yake yalikuwa yanakufa. La kulia katikati pamekuwa giza, la kushoto linalifuata. Walikuwa wanamchoma sindano ndani ya jicho, jamani, ndani ya jicho lenyewe, na mwoga wa damu yule alikuwa anakwenda kila mwezi. Na uwanja wa kulenga shabaha, huko mbele ya Penrith, ulikuwa umefungwa kama kila kitu. Alitaka mara moja tu zaidi. Risasi tano, karatasi moja, jicho likiwa bado linaona duara jeusi. Kisha azitoe bastola kwa wenzake wa chama kwa mkono wake.

"Nataka niziache mimi," alimwambia Furaha, "zisiniache zenyewe."

Lakini kipi kingetangulia kwisha, jicho au ugonjwa? Kila wiki waziri anasimama kwenye televisheni, kila wiki Jirani anasogeza kiti chake karibu zaidi na kioo.

Mwezi wa kumi wakafungua. Jirani hakuweza tena kuendesha. Binti yake yuko Perth, mipaka bado imefungwa. Nikamsikia kwenye uzio anamuuliza Furaha kama angeweza kumpeleka.

"Nitampeleka," Furaha akaniambia baadaye, yeye aliyetaka tuhame. "Wazee wangu kazini wengi walikufa bila kupata kile kimoja walichoomba. Lakini amesema wewe usiambiwe. Anajua milio ya bunduki inakusumbua."

Milio naijua mimi. Mwaka mpya wakirusha fataki zao za mjini, mimi nakaa bafuni nimefungua bomba la maji lisitiri sauti. Nilifikiri siku tatu. Nilifikiri: mtu anakwenda kufanya kitu cha mwisho alichokipenda, na nyuma yake hakuna hata mmoja wa kumtazama anayemjua kwa jina.

Nikaenda kwenye uzio. "Nitakuja. Lakini unga naweka mimi."

Ilikuwa Jumapili, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Australia kanisa lilikuwa wazi, nami mzima, nisiende. Uwanja wenyewe ni kilima kimekatwa, na paa refu la mabati, na meza. Msimamizi, bwana mwenye fulana nyekundu, alinivalisha vizuia sauti masikioni na miwani. Jirani akamwambia kitu, yule bwana akanitazama, akakubali.

Jirani alitia baruti mwenyewe, kidogo, kwa vidole vilivyokariri kazi. Kila tundu akanionyesha. Nikamwaga kichupa changu: cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano, tundu la sita huachwa tupu. Ni unga. Unga nimepima maisha yangu yote. Yeye akashindilia, akapaka mafuta, akasogea mbele kwenye mstari kuweka fataki. Sisi tukabaki nyuma, Furaha amenishika kiuno.

Akasimama kiubavu, mkono mmoja mfukoni, mwingine umenyooka. Akakaa hivyo muda mrefu. Kinachotoa moshi hakitaki haraka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa sauti ile ninayoijua, ile kavu inayofuatana. Haikuwa hiyo. Ilikuwa *bum* moja nzito, na moshi mweupe mwingi kama wa kuni mbichi, ukamfunika mpaka kofia. Upepo ukauleta kwetu. Nikavuta pumzi, na badala ya mlango wangu wa Fizi, nikamwona Mzee Kashindi, mwindaji wa kijiji chetu, na gobori lake. Gobori likilia mlimani, sisi watoto tulikuwa tunakimbilia vikapu, kwa kuwa leo kuna nyama. Sikuwa nimeikumbuka harufu ile miaka sitini. Nikamwambia Furaha aniachie kiuno.

Akapiga zote tano. Wakapandisha bendera ya usalama, tukatembea mpaka kwenye karatasi. Jirani akaiinamia, akainamia zaidi, pua karibu iguse. Akanyooka.

"Siyaoni," akasema. "Duara naliona. Matundu siyaoni. Jirani, niambie."

Nikatazama. Manne yalikuwa ndani ya weusi, yamekaa karibu karibu. La tano lilikuwa nje kabisa, kwenye weupe, chini kushoto.

"Mama," Furaha akaninong'oneza Kiswahili haraka haraka, "mwambie zote tano. Itakugharimu nini? Sisi kazini tunawaambia."

Ni kweli isingenigharimu kitu. Alikuwa amengoja miezi mingi, na hapatakuwa na karatasi nyingine. Nikamtazama vile anavyongoja, kichwa kimegeuzwa kuniletea sikio zima. Nikamkumbuka Nyota na kopo lake.

"Nne, Jirani," nikasema. "Nne ndani. Moja nje." Nikakishika kidole chake nikakipitisha, tundu kwa tundu, yale manne. Halafu nikakiteremsha mpaka kwenye lile la tano, mbali peke yake.

Akakiacha kidole pale. Mabega yakaanza kumtikisika, nikasema, Mungu wangu, nimemvunja mzee. Kumbe anacheka.

"La tano nililijua," akasema. "Mkono ulilegea. Ungesema tano, nisingejua kama yale manne ni ya kweli."

Akakunja karatasi akaitia mfukoni. Bastola zikaenda na yule bwana wa fulana nyekundu na karatasi zake za serikali, na Jirani hakugeuka kuziangalia.

Jioni ile alikuja kwangu na mikono bado myeusi, na sanduku la vichupa vilivyobaki. Nikabandika maji. Akaanza kuvimwaga kwenye bakuli, kimoja kimoja, anagonga chini kila kimoja chembe isibaki.

"Ngoja!" nikasema. "Baruti je? Nyumba ya watu nimepanga hii."

"Nyeusi nimeiacha kule. Huu ni weupe mtupu."

Sikumwamini. Nikanusa kila kichupa, vyote thelathini na moja, naye amesimama na barakoa yake kama mtoto anayekaguliwa kucha. Bugali uliotoka ulikuwa mdogo kama ngumi. Nikaugawa mara tatu, na sombe.

Jirani akapapasa sahani. Akachukua fungu lake lote kwa mkupuo, akalikanda kiganjani, akatoboa shimo kwa dole gumba kama tunavyofanya sisi, akachota sombe mpaka ikamtiririka kwenye kiwiko cha mkono.

"Jirani," nikamwambia, "leo je, hilo ni nini?"

Mdomo ulikuwa umejaa. Alinionyesha kwa kidole ningoje, akatafuna bila haraka, akameza.

"Tonge," akasema.